Fimbo Niliyomshikia Musyoka

Kabiro, Kawangware. Alhamisi, Julai.

Baridi ya leo haikuleta mvua wala haikuondoka. Mawingu yamelalia mabati tangu asubuhi, na magoti yangu yana habari zote.

Nimerudi nyumbani mikono mitupu. Pembe ya nyuma ya mlango, iliposimama fimbo miaka hii yote, iko wazi. Naitazama mara kwa mara kama mtu anayengoja mgeni.

Si fimbo ya kutembelea. Ni fimbo ya puli, ule mchezo wa kugonga mipira mezani, na aliyeichonga ni Musyoka, Mkamba wa Kitui, jirani yangu tulipoishi Kibera, upande wa Ayany. Nyumba zetu zilipobomolewa kupisha barabara, tulisimama juu ya lundo la mabati, akanipa fimbo na kusema neno moja.

"Nishikie."

Akaenda kutafuta chumba. Homa ikampeleka kwao, na kwao akazikwa.

Hakuniambia "chukua." Ndiyo maana sikuwahi kuihesabu kuwa yangu. Nimehama nayo chumba hadi chumba, na kila anapobisha mtu jioni, moyo huniambia: Musyoka amekuja kuiulizia. Nimesoma vitabu vingi maishani. Havijanisaidia kwa hili.

Lakini nazeeka. Nikifa, mwenye nyumba ataifunga tambara apigie deki. Kwa hiyo leo nimeipeleka kwenye ukumbi wa puli ulio karibu na kinyozi, nione kama wachezaji wa sasa bado wanaweza kuipenda fimbo ya namna ile.

Musyoka hakupaka rangi. Alichukua mti mweusi wa chini na mti mweupe wa juu, akaichana yote miwili meno marefu, akaulisha mmoja ndani ya mwingine kwa gundi hadi hapakuwa na mwanya wa kupitisha wembe. Ncha nne nyeusi zilipanda kwenye weupe kama ndimi za moto.

Fimbo za vijana ni nyepesi, zinafunguka katikati kwa skrubu, na huletwa kwenye mfuko kama gitaa. Nilivaa miwani nikaziangalia kwa karibu. Zina ncha nne. Zilezile.

Zimechapwa.

Ni karatasi iliyobandikwa na kupakwa vanishi. Hakuna mti ulioingia ndani ya mwingine. Nilishtuka kama mtu aliyekutana sokoni na sura ya marehemu wake kwenye fulana ya mazishi, imevaliwa na asiyemjua. Basi, je, wanaupenda mtindo wa zamani? Wanaupenda kiasi cha kuuchapa, na ukiwekwa mbele yao hawautambui.

Mmoja aliuliza, akiniita babu kwa Kikuyu, "Guka, hii ulichungia ng'ombe?" Wakacheka, nami nikacheka, maana ulikuwa utani mzuri. Wakaijaribu kwa zamu. Kila mmoja alisema inamkataa, inajipinda mkononi. Sikubishana nao. Hata mimi haijawahi kunikaa vizuri. Nilidhani mti umezeeka vibaya.

Kisha akaingia Nafula, anayesuka nywele kibanda cha pili, vidole bado vinanukia mafuta. Aliichukua, akaipapasa kwenye mshiko, palipo na vibonde vya mshazari ambavyo siku zote nilidhani ni urembo. Akaihamishia mkono mwingine. Vidole vikaingia humo kama vimeitwa. Akapiga, na mpira ukatumbukia bila kugusa ukingo.

Akaniangalia. "Guka, mwenye alichonga hii alikuwa mtu wa kushoto, ama?"



Alikuwa. Mama yake alimzoesha kula na kusalimu kwa kulia, na mbele za watu mkono ule aliuficha. Ulitoka tu akichonga mbao au akiwa kwenye meza ya puli. Nimeitunza fimbo miaka yote hii, na mkono nikausahau.

Nafula aliinama tena. Kiwiko cha kushoto kikapanda, na kwa kitambo kidogo niliona mgongo ambao sikutarajia kuuona tena duniani.

Nilimuuliza kama anaiona nzuri. Akasema uzuri hajui, ila zile ncha zinamwonyesha kama amenyooka. Akaongeza kwamba ataizungushia utepe wa mpira kwenye mshiko, kwa sababu mikono yake ina mafuta. Mpira, juu ya ule mti mweusi! Nilitaka kumnyang'anya. Halafu akauliza kwa upole kama anaweza kubaki nayo.

Kusema "chukua" sikuweza. Haikuwa yangu kuitoa. Kukataa pia sikuweza, nikijua tambara la deki linaingoja.

"Nishikie," nikamwambia.

Akatabasamu. "Hadi lini, Guka?"

Swali hilo ndilo nililopaswa kumuuliza Musyoka pale juu ya mabati.

Sasa giza linaingia. Mtu amebisha kwa jirani na moyo wangu umeruka vilevile, kama mbwa ambaye hajaambiwa kuwa bwana wake amehama. Akija Musyoka, nitamwelekeza: karibu na kinyozi, mwulize msichana wa kushoto. Hatakuwa na sababu ya kupita kwangu tena.

Miaka yote nilidhani namwogopa, kumbe nilikuwa namngoja. Sasa nitamngoja nani?