Nimemshika Mkwe Mkono

Jumanne, baada ya isha.

Nimemshika mkwe wangu Salumu, mimi ambaye hata sahani simpi mkononi!

Nilipita karakanani kwake hapa Rasbura kuulizia mbuzi yangu ya kukunia nazi. Salumu ameshakata ubao vipande vifupi vya shubiri moja, ndipo anavipitisha kwenye mashine ya randa, ile ya kulainisha mbao. Kimoja kikakwama. Mashine inanguruma, na yeye, mwanamume mzima, anaingiza vidole akivute.

Nikamkamata mkono nikauvuta. "Zima! Zima kwanza, mpumbavu wewe!"

Akazima. Mafundi wenzake wakacheka. "Leo mama mkwe kavunja mwiko!"

"Chekeni tu. Wajukuu zangu wanakula kwa vidole hivyo. Mtawalisha nyie? Na ubao si unarandwa mrefu usikwame, ndio unakatwa?"

Salumu akainamisha kichwa. "Najua, mama. Nilikuwa na haraka, hii mbuzi ninayounda ni yako."

Kwa hiyo mimi ndiye wa kuogopwa kuliko visu vya mashine? Nikaondoka.

Binti yangu kaja kusema mumewe hali chakula, anaona haya. Na mimi naona haya. Lakini ningengoja kumwita mwingine amshike...

Haya itakwisha. Kidole kikikatwa hakioti.