Mkono Niliokataa Kuushusha

Mwenzangu, keti nikwambie. Natoka kwenye kikao cha wazazi sasa hivi.

Walikuwa wanapiga kura kama watoto wafundishwe mambo ya mimba na kujikinga, au waendelee kuambiwa "subirini ndoa" basi. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanikazia macho. "Samahani mama, wanaopiga kura ni wenye watoto hapa shuleni."

Wenye watoto! Ananiambia mimi! Mbele za watu wote!

Binti yangu alisoma darasa lile lile tulilokaa. Aliambiwa asubiri, basi. Mimba ilipoharibika hakujua damu ile ni ya hatari. Akafua shuka, akanyamaza. Na mimi niko chumba cha pili, mwenzangu, mpaka asubuhi nilipomkuta amekufa.

Sikuushusha mkono. Katibu akapita akihesabu, akaniruka.

Kando yangu alikaa Mama Pacha. Unamjua anavyolipinga somo lile, eti uhuni mtupu. Naye akanyoosha mkono. "Katibu, rudi. Umeruka mmoja."

"Mama Pacha, si unapinga wewe?"

"Napinga mpaka kesho. Lakini huu ni wa binti yake. Hesabu!"

Katibu akarudi.

Somo halikupita. Ila mwanangu amehesabiwa.