Breki za Kumteremshia Grâce

Jumatatu, 8 Novemba

Kukamua, kuchuja, kupakia mabidoni ya maziwa garini. Mvua imeacha matope mpaka mlangoni. Nimeshuka Masisi-centre na maziwa kama kawaida. Gia ya kwanza, gia ya pili, mguu kwenye breki mpaka nyonga inauma. Katikati ya mteremko breki zikaanza kulegea. Zikipata moto zinakuwa hivyo, unakanyaga mpaka chini na gari bado inakwenda. Nimeshazoea. Ni ujinga kuzoea kitu kama hicho.

Baada ya soko nikapitia hospitali. Daktari amerudia maneno yale yale: binti yangu Grâce asithubutu kuzalia nyumbani. Alishapasuliwa mara moja, uchungu ukimchukua muda mrefu kovu linaweza kuachia. Ateremke wiki mbili kabla ya siku zake, angojee karibu na hospitali. Nikasema ndiyo, Docteur. Nikarudi kwenye gari, nikasimama nikitazama magurudumu. Kwa pikipiki Grâce hawezi. Kwa miguu hawezi. Iko hii gari tu, na hii gari haisimami.

Sijasahau Itebero, kule Walikale. Grâce aliishi huko na mume wake Moïse, kabla Moïse hajapata kazi kwenye mgodi wa Bisie. Uchungu ulipomshika walimbeba kwa kipoyi, vijana wakipokezana ile machela njia yote ya msituni, mpaka hospitali alikopasuliwa. Mama alipona. Mtoto hakupona. Sasa ana mimba ya pili na amerudi kwangu huku juu mlimani. Nilimuuliza kwa nini hakubaki Walikale kwa wakwe zake. Akasema, sababu Mama uko na gari.

Jumatano, 10 Novemba

Fundi Kambale amekuja. Amelala chini ya gari, amegonga hapa na pale, ametoka anacheka. "Mama Grâce, hii haiko frein. Hii iko maombi." Nikamwambia aache mzaha, breki zangu azitafutie dawa.

Vifaa vipya vyote kutoka Goma, siwezi, tusidanganyane. Lakini Kambale anajua gari moja iliyoanguka mtaroni Kashebere, dada mkubwa wa hii yangu, kiwanda kimoja. Mwenyewe anaiuza vipande vipande. Diski zake za mbele ni pana na zina uwazi katikati, upepo unapita na kuzipoza. Na vile vyuma vinavyobana diski ni vikubwa kuliko vyangu. Kambale anasema vitaingia kwenye gari yangu bila shida. Nyuma tutabaki na tamburi za zamani, zile ngoma za breki. Tumepatana: vifaa kwa ndama dume, kazi ya mkono kwa fromaji, jibini ninayotengeneza mwenyewe. Kambale anapenda fromaji kuliko pesa, Mungu ambariki.

Baba mkwe hakupenda habari ya ndama. Alikohoa, akachukua fimbo, akaenda kwa ng'ombe wake. Kwa hawa wafugaji mke wa mtoto hatamki jina la baba mkwe, hamjibu kwa sauti, hamkosoi hata akiona nyumba inaungua. Mimi nimetoka kwa wakulima wa maharage. Kwetu tunafokeana mchana, jioni tunakula sahani moja. Tangu mume wangu afariki tumebaki hivi, mimi na mzee, heshima nyingi na maneno machache. Inachosha.

Ijumaa, 12 Novemba

Kashebere kwenda na kurudi. Diski zimefungwa ndani ya gunia, nzito, zina kutu juu lakini chini ya kutu chuma ni kizima. Kambale amezipeleka kwa mtu wa mashine akazisugua mpaka zikang'aa. Plakete mpya, zile pedi za kubana, tumezikuta dukani. Mambo yakaenda vizuri mpaka saa ya kurudisha magurudumu.

Hayaingii. Ile chuma kubwa inagusa rimu. Gurudumu langu ni dogo mno kwa breki hizi. Nikamuuliza Kambale, ulipima nini sasa? Alipima kila kitu isipokuwa gurudumu. Nilikuwa na ufunguo wa gurudumu mkononi, na nilitamani kumpiga nao.

Akapanda pikipiki, akarudi Kashebere kuchukua magurudumu ya ile gari iliyoanguka. Makubwa, yana matundu pembeni, moja limepinda kidogo. Amelinyoosha kwa nyundo. Fromaji imeongezeka.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya misa tumetoa hewa kwenye breki. Mimi ndani, yeye chini ya gari. Kanyaga. Shika. Achia. Kanyaga. Mafuta ya breki alileta ndani ya chupa ya maji, imeshafunguliwa, eti yalibaki kwa mteja mwingine. Nimeyakataa. Akanuna, akatoa mkebe uliofungwa. Kumbe alikuwa nao.

Kisha tukajaribu mlimani, gari tupu. Inasimama! Nakanyaga kidogo, inasimama kama mtu aliyeitwa jina. Grâce alikuwa mlangoni na tumbo lake, akapiga makofi. Mimi nilicheka peke yangu ndani ya gari. Siku nyingi sijacheka hivyo.

Kasoro moja. Zinalia. Kila nikikanyaga, kelele kali ya chuma. Kambale anasema ni kawaida ya plakete mpya, itaisha. Ng'ombe walikimbilia kwenye ua, na mmoja wao alipiga ndoo teke maziwa yakamwagika. Baba mkwe alizunguka gari, akainama, akatazama kwenye matundu ya magurudumu. Akatikisa kichwa.

Jumanne, 16 Novemba

Kalamu nimeichukua kabla hata ya kula.

Nimeteremka na maziwa, mzigo kamili. Kona za juu nilitumia gia, breki nagusa tu. Kimya. Nikafurahi kwamba kelele imeisha, Kambale alisema kweli. Mjinga mimi.

Mteremko wa mwisho, nikakanyaga. Breki za mbele hakuna kitu. Nyuma zinakokota kidogo tu. Nikakanyaga kwa nguvu zote. Moshi. Na pale chini ni barrière, ule mti wa mwanzi uliolazwa barabarani na wale watu wenye bunduki. Gari isiyosimama pale inapigwa risasi, kila mtu wa huku anajua. Nikapiga honi, nikatoa mkono dirishani, breki ya mkono, gia ya kwanza, injini ikalia, nikaipeleka kwenye ukingo wa udongo. Ilisimama pua ikiwa chini ya mwanzi. Mmoja alikuwa ameshainua bunduki. Niliona tundu lake.

Wakatambua ni mama wa maziwa. Wakacheka. Wakachukua bidoni. Wachukue.

Nikashuka kutazama magurudumu. Hapo ndipo niliposikia harufu. Si mpira, si mafuta ya injini. Ni mafuta ya ng'ombe, yameungua. Siwezi kukosea, ndiyo harufu ya jikoni kwangu. Nikaingiza kidole kwenye tundu la gurudumu, nikagusa diski pembeni. Utelezi wa njano. Upande wa pili vilevile.

Nyumbani kwetu kuna mkono mmoja tu unaopaka mafuta ya ng'ombe kwenye kila kitu. Kamba inayokata ngozi, mlango unaolia, chuchu za ng'ombe, kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Alipaka ili zile kelele zininyamazie. Au ziwanyamazie ng'ombe wake. Hasira imenijaa mpaka meno yanauma, na sina pa kuipeleka.

Kambale ameteremka kunikuta. Ameosha diski kwa petroli. Plakete zimekunywa mafuta, hazifai tena. Amefunga zile kuukuu zilizokuja na vyuma vya Kashebere, zimelika nusu. Mpya za kuagiza ni Goma sasa, dukani hapa tulichukua za mwisho, na mvua imekata barabara ya Goma upande wa Sake. Nimerudi juu kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Jumatano, 17 Novemba

Nani atamwambia baba mkwe? Mimi siwezi. Nisipomwambia atapaka tena. Nimewaza siku nzima nikichuja maziwa, nimemwaga mengine.

Mjukuu anaweza. Mjukuu na babu wanataniana, hapo hakuna adabu inayovunjika. Nikamweleza Grâce. Uso wake ulibadilika kwanza, kisha akasema niachie mimi.

Jioni kwenye moto akaanza kwa kicheko. "Babu, ulitaka kutukaanga na mafuta, miye na huyu wa mu tumbo?" Mzee hakucheka. Akauliza mafuta gani. Grâce akamweleza yote, diski, moshi, barrière, bunduki. Kicheko kilimwishia katikati ya maneno. Mimi nilikuwa nimeinamia chungu.

Baba mkwe aliweka kikombe chini. Akasema, "Nilisikia inalia. Nikasema, iko na maumivu." Akainuka, akaenda kulala kwa ng'ombe.

Hasira yangu imeondoka bila kuniaga. Nilitaka nibaki nayo kidogo.

Alhamisi, 18 Novemba

Mzee hakunywa maziwa. Hajaja mezani. Plakete hazijafika. Grâce anasema mgongo unamuuma, anasema ni kazi ya kuinama tu. Bado wiki tatu afike siku zake. Sipendi huo mgongo.

Ijumaa, 19 Novemba

Naandika kwenye uwanja wa hospitali, mgongo kwenye ukuta.

Asubuhi tukiwa tunachuja maziwa chupa ya Grâce ikapasuka. Akasimama anatazama maji miguuni. Akasema, Mama, tena. Neno hilo moja. Nikajua anaona ule msitu.

Nikamwita Kambale. Alizitazama zile plakete kuukuu, akazipima kwa ukucha. "Zitashika, mama, ila pole pole. Kama zinapata moto unasimama, unangoja." Akatangulia na pikipiki kuwaomba wale wa barrière wafungue.

Nimemlaza Grâce kiti cha nyuma. Nageuka, namwona baba mkwe anakuja na koti lake la kanisani. Mzee huyu hajawahi kuingia ndani ya gari yangu. Masisi-centre huenda kwa miguu, na hurudi kwa miguu. Akafungua mlango wa nyuma, akakaa, akakiweka kichwa cha Grâce kwenye mapaja yake. Nikaona uzito utazidi. Nikasema, nikitazama pembeni, kwamba labda mzee abaki aangalie ng'ombe. Akanijibu mimi mwenyewe, uso kwa uso:

"Kama inakatala kusimama, ikatale na miye ndani."

Nikawasha gari.

Sitaki kuandika njia yote. Gia ya kwanza. Kila baada ya kona chache nilisimama, tukangoja breki zipoe, na kungoja kule kulikuwa kubaya kuliko kwenda. Grâce alikuwa akilia na kunyamaza. Mzee alimwimbia wimbo wa kuwaita ng'ombe nyumbani, labda hakujua wimbo mwingine. Mimi niliomba na kutukana kwa zamu. Mungu ataelewa.

Tulipofika mteremko wa mwisho mwanzi ulikuwa umeshainuliwa, Kambale anapunga mkono nipite. Nilikanyaga breki hata hivyo. Nilitaka kuona. Gari ikasimama, palepale nilipotaka, mbali na wale watu. Nikapumua. Nikaenda.

Wauguzi wakamchukua. Nikabaki nimeketi, kuna mtu ananiambia nitoe gari mlangoni, siwezi. Mguu ulikuwa bado umekanyaga breki. Niliuinua kwa mikono miwili.

Wamempasua. Ni msichana, mdogo, analia vizuri. Grâce yuko hai. Wote wako hai. Naandika tena ili nione: wote wako hai.

Jumapili, 21 Novemba

Mvua nyepesi tangu asubuhi. Grâce amekula, amelala. Mtoto ananyonya kwa bidii, ana uso wa kukasirika. Ni wa kwetu huyo.

Plakete zimefika kutoka Goma. Kambale atazifunga kesho, hapahapa uwanjani. Jirani anatukamulia ng'ombe.

Baba mkwe hataki kurudi juu. Analala kwenye benchi la varanda na koti lake, wauguzi wamemzoea. Mchana nilimpelekea uji. Simu ya Grâce alikuwa nayo yeye, Moïse amepata reseau, mtandao wa simu, huko Bisie baada ya siku mbili za kutafuta. Mzee anazungumza na simu kwa kupaza sauti, anadhani Bisie haisikii.

Moïse alimuuliza, nadhani, nani aliyemfikisha mke wake. Miaka yote mzee ananiita "muke wa mutoto wangu". Hata siku ya kumzika mume wangu aliniita hivyo, kwa watu wote. Nilisimama mlangoni na bakuli.

"Mutoto wangu njo alituteremusha," akasema. Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, labda Moïse hakusikia. "Mutoto wangu."

Sikutoka mara moja. Uji ulipoa. Baadaye nikatoka, nikampa, akaupokea kwa mikono miwili, akanywa wote.