Mama Alipowaambia Wanywaji Kwamba Wanasikilizwa

Mjukuu wangu Ezra,

Huku Murungu tuko wazima, ila mwanangu anakohoa na mimi usingizi sipati. Najua unacheka nikikuita mjukuu, maana umri wetu unakaribiana. Lakini bibi yako ni dada yangu, basi nisikilize.

Umeuliza: serikali ikisikiliza simu za watu kwa kibali cha sheria, anayetoa siri hiyo ni mfichua maovu au msaliti?

Nilipokuwa msichana, mama alipika pombe ya ndizi. Wanaume walizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Ofisi ya serikali ikamtaka, kwa kibali chenye muhuri, apeleke maneno ya wenzetu tuliotoka nao Burundi. Siku hiyohiyo akawaambia wanywaji, "Jamani, nimeagizwa niwasikilize."

"Basi wapelekee kwamba pombe yako ina maji!" mzee mmoja akamtania.

Wakacheka, kisha wakaweka mirija chini mmoja mmoja.

Hata mwizi wa ng'ombe aliyekuwa akitafutwa alisikia, akatoroka. Mama akawekwa ndani.

Kwangu mimi alifichua ovu, kibali au hapana kibali. Lakini mwenye ng'ombe hakumsalimia tena mpaka tunamzika mama.

Unasema anayeuliza ni rafiki yako. Mwambie aseme kwamba watu wanasikilizwa, asiseme nani anatafutwa. Hata hivyo ataumia. Mama alipotoka, wale aliowaonya hawakuja kumpokea. Nilikuwa peke yangu getini.

Rafiki yako akikwama, aje kwangu.

Bibi yako,
Jeni