Mtoto Aliyejibu "Nilishakula"

Panda, Likasi
Jumamosi, 14 Juni 2025

Mpendwa Yaya Colette, dada yangu mkubwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Kabla ya yote nipe hali yenu. Mguu wa shemeji Firmin je? Mara ya mwisho uliniambia unavimba kila anapotoka shambani, na kwamba umemlazimisha akae kitini siku tatu nzima. Namjua shemeji, hakukaa hata moja. Na Rolly, kichwa chake bado kinamuuma kila Jumatatu asubuhi saa ya shule? Nijibu yote, usiruke, maana una tabia ya kujibu swali la kwanza na la mwisho tu, halafu katikati unaniachia nijazie mwenyewe.

Sisi huku tunapumua. Baridi imeingia mapema mwaka huu, asubuhi watoto wanatoa moshi mdomoni na kujifanya treni. Vumbi la malori limeanza kukaa juu ya majani ya mihogo, ukitaka kupika sombe ni lazima uyaoshe mara tatu. Plamedi amefikisha miezi saba, ana meno mawili, na anayajaribu kwangu mimi mama yake. Divin ana miaka mitatu na sauti ya mtu wa miaka arobaini. Jaël atatimiza mitano mwezi wa nane. Kwa Jaël ndiko ninakokwenda na barua hii, lakini niache nifike polepole.

Anayekuletea barua hii ni Papa Séraphin, jirani yetu wa nyumba ya mwisho, anayesafiri huko Kaniama kwa matanga ya shangazi yake. Mpe maji ya kunywa na umkalishe, ni mtu mzuri ingawa anaongea sana. Ningeweza kukupigia simu. Lakini nakujua na najijua. Kwa simu ningekuchekesha, nawe ungecheka, salio lingekwisha, na jambo lenyewe lingebaki kooni mwangu.

Maisha yamepanda, Yaya. Najua kila anayeandika barua siku hizi anaandika hivyo, na mimi nilikuwa sipendi kuwa mmoja wao. Meka ya unga, kipimo kilekile cha bati unachokijua, Jumatatu ina bei yake na Jumamosi ina nyingine, na sasa wauzaji wengine wameipiga ngumi kitakoni ili bati liingie ndani, unga upungue. Mafuta tunanunua ya kutosha sufuria moja tu. Kiwanda anachofanyia kazi Damas wangu, kile cha njia ya Kamatanda, kimewagawia siku: wiki moja kazini, wiki moja nyumbani, na ile ya nyumbani hailipwi. Damas anaitumia kutengeneza viti vya watu. Baadhi yao wanamlipa kwa kumsifu.

Kwa hiyo tunakula mara moja kwa siku, saa tisa. Nilifikiri sana kabla ya kuichagua saa hiyo. Ukiwapa watoto saa sita, watalia usiku. Ukiwapa jioni, watalia mchana kutwa. Saa tisa wanalia kidogo huku na kidogo huku. Asubuhi ni chai, na kiazi kitamu kikipatikana.

Sasa Jaël.

Unakumbuka marehemu Mama alivyotulea hapahapa kambi ya wafanyakazi. Jirani akikuita kula, unasimama wima, mikono nyuma, unasema, "Aksanti, mama, nilishakula." Hata kama harufu ya samaki inakukokota kwa pua. Siku ile nilipokubali kitumbua kwa mama yake Jean-Luc, wewe ndiye uliyenifinya njia nzima mpaka nyumbani, na sijakusamehe. Basi mimi nikamfundisha Jaël vilevile. Nilianza mapema kuliko Mama, kwa sababu, nikuambie ukweli, sikutaka watu wa mstari wetu wa nyumba wajue sufuria yangu inakaa muda gani bila kupanda motoni.

Mtoto akashika haraka. Mama Tania wa mlango wa pili hupika kabla ya wote, na kila siku huwaita watoto walio karibu. Divin huwa amekwisha kaa chini kabla hajamaliza kuita, na huyo nilishindwa kumfundisha lolote. Jaël alikuwa anasimama palepale, mikono nyuma, anajibu alivyofundishwa. Wanawake wakawa wanasema, "Huyu mutoto iko na adabu, kweli, vraiment!" Nami, Yaya, kichwa kilinivimba. Nilikuwa napita katikati yao nikijifanya sijasikia, nikitembea taratibu ili niendelee kusikia.

Mwezi uliopita nilimpeleka Plamedi kupimwa kwenye kituo cha afya. Nesi wetu anaitwa Jenny, msichana mdogo lakini macho yake hayakosi kitu. Kwa kuwa wale wawili walikuwa wameshika kitenge changu, akawapima na wao. Wana ule utepe wa kuzungusha kwenye mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Ukisimama kwenye kijani, mko salama. Kwenye njano, angalieni. Kwenye nyekundu, hospitali. Plamedi kijani. Divin kijani. Jaël njano, na njano yenyewe ni ile ya kupakana na nyekundu.

Jenny akainama akamuuliza, "Jaël, leo ulikula nini?"

"Aksanti, mama, nilishakula."

Akina mama wote kwenye benchi wakacheka, na mimi nikacheka nao. Jenny akamuuliza, na jana? Jaël akajibu neno lilelile, na mikono yake nyuma. Mara hiyo Jenny hakucheka. Akaandika kwenye karatasi yake, akaniambia nimrudishe baada ya majuma manne, na kama mkono utakuwa umepungua hata kidogo, atalazwa.

Njia nzima nilikuwa nagombana na ule utepe. Divin na Jaël wanakula sahani moja, bukari moja ya unga uleule, mboga moja, sasa inakuwaje mmoja awe kijani na mwingine njano? Siku hiyo saa tisa nilimpa Damas mtoto mchanga, nikakaa chini mbele ya sahani yao. Kwa kawaida saa ya kula nakuwa nanyonyesha, nimewapa mgongo. Jaël akamega tonge dogo, akalitafuna muda mrefu. Akamega la pili. Kisha akanawa mikono vizuri kama mtu mzima, akaisogeza sahani kwa mdogo wake, akaniambia aksanti, ameshakula.

Nikamwambia, "Haukushiba weye."

"Nilishakula, mama. Divin atalia."

"Nani alikufundisha kusema vile hapa kwetu, ndani ya nyumba?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba nimemuuliza jina lake. "Weye. Weye unasemaka vile kila siku. Unapakua, unasema nilishakula, unabakia na sufuria."

Damas akageuza kichwa akaniangalia, kwa sababu ni yeye ninayemwambia hivyo. Kila siku huniuliza sahani yangu iko wapi, nami humjibu kwamba nilishakula wakati wa kupika. Halafu nakwangua ukoko. Mtoto alikuwa ameona yote, akaelewa kwamba ndivyo wanavyofanya watu wakubwa wa nyumba hii, na yeye ni mkubwa wa Divin.

Yaya, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Mama alitufundisha maneno yale tukiwa tumeshiba. Posho ya Baba ya kazini ilikuwa inafika kila mwezi, gunia la unga limesimama kwenye kona ya chumba, sisi wawili tukilitumia kama farasi. Tukisema tumekula, tulikuwa tumekula. Mimi nimempa mwanangu maneno peke yake, bila gunia. Nilitoka nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikanawa uso nikarudi ndani.

Tangu siku hiyo kila mtu ana sahani yake, hata mimi. Damas amesimamia hilo mwenyewe, na anaitazama yangu mpaka iishe, kama askari. Akasema pia kwamba mtoto lazima afundishwe upya. Basi akakaa chini sakafuni, baba mzima na ndevu zake, akapiga sahani kwa kijiko akisema, "Niko na njala! Niko na njala!" Divin akaona ndio mchezo mzuri kuliko yote aliyowahi kuletewa. Jumapili akaupeleka kanisani, katikati ya kimya cha mageuzo ya misa, na Padri akashindwa kuficha meno. Jaël alifunga mdomo wake. Nadhani aliona tunamtega, tumpime adabu.

Nikaenda kwa Mama Tania. Hatua ishirini tu, Yaya, na nilizipanga siku mbili. Nikamwambia kwamba mtoto wangu akisema ameshakula, asimsadiki, ampe. Unajua alinijibu nini?

"Minye nilijua zamani. Nilikuwa naogopa weye."

Alisema mara nyingi amejaribu kumwekea Jaël karanga mkononi, na mtoto akazirudisha. Alitaka kuja kuniambia, lakini kila akinitazama ninavyotembea, anaona nitakasirika. Tukacheka, halafu tukapanga mambo ya maana. Sasa tunapika pamoja. Mbabula moja, jiko la mkaa la sote, makala ya kwangu leo, ya kwake kesho. Bukari inashuka, mboga inapanda. Watoto wake na wangu wanakula uani, kila mmoja na sahani yake. Makala tunatumia nusu ya yale ya zamani, na unga kidogo unakwenda mbali kuliko nilivyofikiri, lakini ni kidogo.

Jaël anakula sasa ukimwekea mbele. Anamaliza. Ila hajaomba hata siku moja. Ukimsahau, atakaa hapo na sahani tupu, anakutazama kwa heshima, mpaka jua lizame. Hilo ndilo linalonitisha. Jumanne ijayo tunarudi kwa Jenny na ule utepe wake, na tangu juzi nimekuwa nikimshika mkono kwa vidole viwili anapolala mchana, kama vile vidole vyangu vinajua kupima.

Sasa nifike kwako. Pasaka ulinipigia simu, ukaniuliza kama ututumie gunia la mahindi baada ya mavuno. Nilikujibu nini? Nilisema, Yaya usijisumbue, unga umejaa mpaka chini ya kitanda. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya Damas vya kazini na paka wa watu. Ukanisadiki, au ukajifanya, kwa kuwa na wewe ulilelewa na Mama yuleyule.

Nalifuta jibu lile. Tutumie gunia, Yaya. Kama mnaweza mawili, tuma mawili, na nikianza kukataa usinisikilize. Papa Séraphin anarudi mwisho wa mwezi, na amekubali kulibeba. Sijui nitakurudishia nini, na sitajifanya najua. Tuna njala. Sijawahi kuliandika neno hilo kwa mkono wangu. Nimelitazama hapa kwenye karatasi, na halikuniua.

Mengine ni madogo. Kaburi la Mama tumelifyeka nyasi, Damas na mimi, na msalaba umepakwa rangi nyeupe iliyobaki kwenye viti vya watu. Mwambie binti yenu Carmen nimepata picha yake ya komunyo, amekuwa mrefu kuliko baba yake sasa, na kanzu ilimkaa vizuri. Msalimie shemeji Firmin na mguu wake, Rolly na kichwa chake, na mama mkwe wako, ambaye najua atataka kusomewa barua hii; mrukie pale nilipolia.

Nilikuwa hapa, natafuta baraka ya kumalizia, Jaël akaja kuegemea goti langu. Akauliza naandika nini. Nikamwambia namwandikia mama mukubwa Colette, kwamba sisi tuko na njala.

Akaitazama karatasi. "Yee hatakasirika?"

Nikamwambia hapana, ni yaya yangu.

Divin alikimbia uani, akaanguka, akainuka, na yeye bado ameegemea goti langu. Kisha akasema, chini chini, huku ameshika kidole changu cha kuandikia:

"Andika na minye. Minye pia niko na njala. Sana."

Nimeandika, Yaya, kama alivyosema. Nilikuwa nimeviweka viazi vitamu kwa chai ya kesho asubuhi. Naenda kuvipika sasa hivi.

Bikira Maria awafunike nyote huko, na mvua yenu isikose.

Mdogo wako akupendaye,
Simone