Hakuachwa Hata Mmoja

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata kazi kwenye filamu. Filamu ya vita — vita vyetu! Batalioni yetu, siku kumi na moja tumezingirwa pale darajani, maji ya kunywa yanapimwa kwa kifuniko cha chupa. Sasa wanaigiza kwenye machimbo ya kokoto, nyuma ya kiwanda cha saruji. Mimi sikutaka. Mke wangu ndiye kanisukuma. Kaka yake alifia kule, na anataka aonekane vizuri. Ukawaambie alikuwa mrefu, kasema, wasije wakatuwekea mtu mfupi. Kweli alikuwa mrefu. Kikosi kizima tulimwita Mlingoti.

Tumefika wazee tisa wa batalioni, mmoja na mkongojo. Binti mwenye orodha akatutazama juu hadi chini, akasema sisi tutakuwa maadui. Maadui! Batalioni yetu wamepewa vijana wenye vifua na meno meupe. Redio — ndiye aliyekuwa mtu wetu wa mawasiliano, na mdomo wake haujazimwa tangu enzi hizo — akacheka mpaka akakohoa. Eti angalau safari hii tutashinda. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Juni

Kijana anayemwigiza Mlingoti ananifikia begani! Nimemwambia mwongozaji. Kajibu kwamba kamera haijui urefu.

Nimerudi nyumbani, hata viatu sijavua, mke wangu ananiuliza: ni mrefu? Nikasema mrefu. Imetoka yenyewe. Kama ile nyingine ilivyotoka, miaka ishirini na mitatu iliyopita, mlangoni hapa hapa, na mzigo wangu bado begani. Nilimwambia mke wangu kwamba shemeji nimemzika kwa mikono yangu, kando ya mto, nikaweka jiwe kichwani. Mpaka leo analijua jiwe hilo kwa rangi. Kawasimulia watoto. Sikumzika. Sikuzika mtu yeyote kule. Hayo mengine siandiki.

Ijumaa, 7 Juni

Leo tumevamia handaki. Bunduki ni za mlio tu. Sisi wazee tunapiga, vijana wanaanguka, tunatakiwa kuwaruka na kusonga mbele. Rahisi. Mara ya kwanza — kata! Redio alikuwa kamwinamia kijana, kamshika makwapani, anamburuta nyuma. Mwenzetu mwingine kashika miguu. Mwongozaji kang'aka: ninyi ni adui, mnawabeba wa nini? Rudieni! Mara ya pili wakainama tena. Mara ya tatu tena, mpaka yule wa mkongojo. Mikono inakwenda yenyewe, Redio akawa anaomba radhi. Maiti walilala pale wakicheka.

Ni mimi tu niliyeruka. Mara zote tatu. Yule mfupi alilala njiani kwangu na nikamruka kama mtaro wa maji machafu. Mwongozaji kanipigia makofi mbele ya wote. Mtazameni huyu mzee, kasema, fanyeni kama yeye. Redio hakuniangalia tena mchana kutwa. Nimeoga mara mbili na bado najisikia vumbi.

Jumanne, 11 Juni

Mwongozaji filamu yake haina mwisho. Katukusanya chini ya turubai, chai kwenye vikombe vya karatasi, akauliza: siku mlipotoka kule, wenzenu walioanguka mliwafanyaje? Wazee wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa sajini, mimi ndiye niliyetoka wa mwisho.

Nikasema tuliwabeba wote. Hatukumwacha hata mmoja. Begani, hadi kwenye malori.

Mwongozaji aliruka! Akaandika hapo hapo, akinisihi nirudie. Nikarudia. Nikaongeza na bendera. Redio, aliyeongea miaka yote hii bila kupumua, alikuwa anachunguza viatu vyake. Najichukia. Lakini walikuwa wananiangalia, nami nilitaka waache kuniangalia.

Alhamisi, 14 Novemba

Bango limebandikwa ukutani pale posta. Vifua, moshi, maandishi mekundu: HAKUACHWA HATA MMOJA. Nilisimama na barua yangu mkononi hadi watu wakanipita kwenye foleni. Ndiyo kwanza naona, mjinga mimi! Nyumbani nilisema nimemzika kando ya mto. Kwenye filamu nimesema alibebwa hadi kwenye lori. Yote mawili nimesema mimi, kwa mdomo huu mmoja.

Jumamosi ya wiki ijayo familia za batalioni zimealikwa, saa nne asubuhi. Mke wangu kashapiga gauni pasi. Nikamwambia ule ukumbi hauna hewa. Kasema atajipepea. Nikamwambia ni damu tupu mwanzo mwisho. Kasema, nimezaa wanne mimi, damu utanieleza wewe?

Jumamosi, 23 Novemba

Tumerudi. Saa nane mchana sasa.

Ukumbi mzima ulilia. Wale wenye meno walibebana, muziki juu, lori baada ya lori. Yule mfupi alifunikwa bendera yangu. Mke wangu hakulia. Mimi nilionekana mara moja, sekunde mbili — naruka mtu. Mama mmoja nyuma yetu akasema, mnyama yule! Hakujua kisogo kilichokuwa mbele yake ni cha nani.

Njiani, kwenye kona ya duka la vioo, mke wangu akasema: kijana ni mfupi. Nikasema ndiyo. Umeniambia mrefu. Ndiyo. Mlangoni, ufunguo mkononi: kwa hiyo kaka alibebwa. Basi kaburi lake liko wapi? Nikaanza, mke wangu, hawa watu wa filamu wanazusha — Akanikatiza. Kumbe taa zilipowaka alimwuliza Redio nani kawapa habari za malori. Redio kamjibu neno moja tu: mumeo.

Redio! Siku ya kusema kidogo ikawa leo.

Hajavua gauni. Kasema miaka yote naandika kwenye daftari hili na hajawahi kulifungua. Baba watoto, mdomo wako siuulizi tena, kasema. Andika. Halafu unisomee.

Basi naandika.

Siku ya kumi na moja, alfajiri, tunatoka. Mlingoti alikuwa amepigwa paja. Si kifua, kama nilivyosema nyumbani. Alikuwa kwenye handaki jembamba, mrefu vile, miguu imekingama njia nzima. Alikuwa hai. Alinishika suruali. Hakusema sajini. Alisema shemeji. Alisema, shemeji, nipe bega tu. Mtu mzito vile, peke yangu nisingeweza —

Hapana. Hilo nafuta. Ningeweza. Nilikuwa na nguvu, na malori yalikuwa mita mia mbili.

Niliibandua mikono yake, kidole kimoja kimoja. Nikamruka.

Ameuliza nimefika wapi. Nikasema bado kidogo. Hakungoja. Amevuta kiti, ameketi mbele yangu, viganja juu ya meza. Anasema nisome hapo hapo nilipofika.