Mabega ya Kumbeba Ezron

Igamba, Mbozi

Kwako shemeji Shadrack, huko Nakonde, Zambia,

Bwana asifiwe. Huku kahawa imeanza kuiva, watoto wanakusalimu. Barua hii anakuletea jirani yetu Atupele, maana simu zangu hupokei.

Kaka yako Ezron tulimzika, ila kwa aibu. Chama chao cha askari wastaafu kilileta jeneza na sanda, haki ya kila mwanachama. Wakaliweka uani, wakakaa. Nikamwuliza mwenyekiti wao, mzee Clement, mbona hamnyanyui?

"Mama Witness, jeneza ni haki yake. Mabega yetu, hapana. Yeye alimbeba nani?"

Watu wakacheka, msibani! Nikainamisha kichwa. Ni kweli, kila walipofiwa wenzake, Ezron alikuwa anaumwa mgongo.

Sisi akina mama wa kwaya tukafunga khanga viunoni, tukamnyanyua. Kwenye migomba mikono ikatushinda, tukayumba. Clement akaja mbio, akaingiza bega lake.

Leo asubuhi Clement amefiwa na mkewe, kesho wanazika. Nitamtazamaje nikienda bila mwanaume wa nyumba hii? Hukuja kumzika kaka yako, na sikuulizi sababu. Safari hii vuka mpaka, shemeji. Njoo ubebe.

Ndimi shemeji yako katika Kristo,
Mama Witness